Ramani Isiyo na Mito

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniandikia barua akitaka nieleze habari za Chuo Kikuu, kwa faida ya wale walio katika kidato cha sita. Nimefikiri sana. Habari za mabweni, na za foleni ya chakula, na za mapaa yavujayo, mmekwisha kuzisoma kwa wanafunzi wa zamani walionitangulia, nao walizieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Basi naomba ruhusa niwaeleze kitu kimoja tu nilichokiona huko, ambacho tangu nikione sijaweza kukiacha. Kitu chenyewe ni ramani.

Siyo ramani ya nchi. Haina mito wala milima, haina mipaka wala reli. Ukiifungua katika kompyuta, kwanza huoni ila giza. Kisha katika giza lile hutokea nukta, maelfu kwa maelfu, nyekundu na kijani na manjano, zimekusanyika mahali pengine kama wale wadudu wa Ziwa Victoria wapandao juu ya maji kama moshi, na mahali pengine zimetawanyika moja moja. Ukivuta karibu, wingu hupasuka likawa vijiji. Ukivuta tena, kijiji huwa nyumba moja moja. Ukiweka mshale juu ya nukta, hutokea jina na picha ya umbo lake, kaboni hapa, oksijeni pale. Kila nukta ni kemikali moja. Zifananazo kwa umbo zimewekwa kuwa majirani, na zisizofanana zimetengwa mbali. Rangi nayo hutoa habari, na katika ramani nilizopenda kuzitazama mimi, habari hiyo ni ya sumu.

Wataalamu hukiita kitu kinachochorwa hapo anga ya kemikali, na kweli ni anga. Wamekisia kwamba molekuli ndogo ndogo zinazoweza kufaa kuwa dawa, kama zote zingetengenezwa, zingefika hesabu ya moja yenye sifuri 60 nyuma yake. Akili yangu haiwezi kuishika hesabu hiyo, wala sidhani yenu itaweza. Lakini katika Chuo Kikuu cha Bern, nchi ya Uswisi, Jean-Louis Reymond na wenzake waliiambia kompyuta iziorodheshe molekuli zote ziwezekanazo, kwa kanuni walizoiwekea, zisizozidi atomu 17 bila kuhesabu haidrojeni. Mwaka 2012 wakatoa jumla yao: zaidi ya bilioni 166. Nyingi katika hizo hakuna mtu aliyepata kuzitengeneza. Hazipo popote ila katika orodha. Zile zilizokwisha kujulikana na kuandikwa ni chache mno zikilinganishwa nazo, ingawa chache hizo si haba: ghala la habari liitwalo PubChem, lililofunguliwa Marekani mwaka 2004, lina kemikali zaidi ya milioni 100, na mtu yeyote mwenye intaneti huingia humo bila kulipa senti.

Sasa mtauliza kama nilivyouliza mimi: kompyuta haina macho, yajuaje kuwa hii yafanana na ile? Hapa ndipo nilipoanza kuona utamu. Kwanza, molekuli huandikwa kwa herufi. Ufundi huo ulitangazwa mwaka 1988 na Mmarekani David Weininger, nao ni rahisi hata mtoto wa kidato cha kwanza aweza kuujifunza kabla kengele haijalia. Methanoli ni CO, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni. Haidrojeni haziandikwi kwa kuwa zajulikana zilipo. Ethanoli, yaani roho ya pombe, ni CCO. Kisha kompyuta huyakata maneno hayo vipande vipande, ikaandika vipande gani vimo na vipande gani havimo, kama karani anayeandika mahudhurio ya darasa. Orodha hiyo ndiyo alama ya kidole ya molekuli. Ukitaka kujua molekuli mbili zimefanana kiasi gani, hesabu vipande walivyo navyo wote wawili, ugawanye kwa vipande vyote walivyo navyo kwa jumla, kila namna ikihesabiwa mara moja. Ikitoka 1, wamefanana kabisa kwa kipimo hicho. Ikitoka 0, hawana kitu cha pamoja.

Likizo iliyopita nilirudi shuleni kwetu, na kwa hisani ya mwalimu wa kemia tulikaa na wavulana wa Chama cha Sayansi tukafanya ramani yetu wenyewe bila kompyuta, juu ya karatasi kubwa ya manila. Tulikubaliana kukata kwa mkono. Methanoli ilitoa vipande vitatu: C, O, na C–O. Ethanoli ilitoa vitano: vile vitatu, na C–C, na C–C–O. Vya pamoja ni vitatu katika vitano, yaani 0.6. Halafu tukaleta ethilini glikoli, ambayo ni OCCO. Hii ni kimiminika kitamu kitiwacho katika maji ya rejeta ya gari ili yasigande katika nchi za baridi. Ilitoa vipande sita, vitano vyote vya ethanoli na kimoja cha ziada. Tano kwa sita ni 0.83! Mvulana mmoja aliyekuwa akishika rula aliitupa chini akasema, "Kumbe maji ya rejeta ni ndugu wa waragi kuliko methanoli?" Nikamwambia ndivyo hesabu isemavyo. Gliserini, ile ya kupaka ngozi na kutia katika dawa za kikohozi, tulipata 0.67 kati yake na ethilini glikoli. Tukapigilia pini, tukafunga nyuzi za migomba, fupi kwa wanaofanana, ndefu kwa wasiofanana.

Ilipofika molekuli ya saba nyuzi zilianza kugombana. Ukiuvuta huu ukae sawa, ule hulegea. Hakuna namna ya kuwapanga wote juu ya karatasi kila mmoja akae mbali na mwenziwe kwa kadiri ya haki yake. Nawaambia sikuyapanga yatokee, lakini nilifurahi, maana hiyo ndiyo shida ya ramani hizi zote. Alama ya kidole ya kompyuta ina nafasi 1,024 au hata 2,048, na kila nafasi ni kama mwelekeo wake peke yake. Kioo kina miwili tu, kushoto na kulia, juu na chini. Lazima kitu kipotee. Mnakumbuka ile ramani ya dunia iliyoning'inizwa katika chumba cha jiografia, ambayo Greenland yaonekana karibu sawa na Afrika nzima, na kumbe Afrika ni kubwa kuliko hiyo mara 14? Ni shida ile ile. Mchoraji wa ramani huchagua atakalolihifadhi na atakalolitupa. Ufundi mmoja unaotumiwa sana, uliotangazwa mwaka 2008 na Laurens van der Maaten na Geoffrey Hinton, huhifadhi majirani wa karibu, lakini umbali kati ya kisiwa kimoja na kingine usiuamini. Mwingine, uliotoka huko huko Bern mwaka 2020, huwapanga kama matawi ya mti, na waweza kuchora mamilioni ya molekuli. Mimi naupenda huu wa mti. Waweza kulifuata tawi kwa kidole toka shina hata kijiti cha mwisho, ukaona umbo likibadilika kidogo kidogo njiani.

Hata hivyo kufanana kwa umbo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni rangi, na katika rangi ndimo mlimo na mambo ya kufa na kupona.

Sisi watu wa Kigezi hatuhitaji kuelezwa methanoli ni nini. Mwezi wa Aprili mwaka 2010 nilikuwa mtoto wa miaka sita. Katika majuma kama matatu watu zaidi ya 80 walikufa wilayani Kabale kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Yaliyobaki kichwani mwangu ni machache: misiba mfululizo, watu wazima wakinyamaza sisi watoto tukiingia, na mzee mmoja, jirani ya mama yangu, aliyeamka asubuhi akauliza mbona hamjafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Mzee yule hakufa, lakini hakuona tena. Kwa miaka mingi nilidhani waragi ile ilikuwa na dawa fulani ya ajabu, au uchawi, maana hivyo ndivyo watoto tulivyoambiana kisimani. Siku nilipoyaona maneno yale mawili katika kioo, CO na CCO, nukta mbili zikikaribia kugusana, nilikaa kimya muda mrefu. Kati ya kinywaji walichozoea na kile kilichowaua, tofauti ni kaboni moja na haidrojeni zake mbili.

Nami nataka mwelewe jinsi inavyoua, kwa kuwa katika vitabu vyetu vya shule limeandikwa neno moja tu, "sumu", basi, likaachwa. Ini letu lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja pombe. Ethanoli ikiingia, hugeuzwa mara mbili, na mwisho wake ni asidi ya siki, ambayo mwili huitumia kama chakula. Methanoli ikibisha mlango ule ule, kimeng'enya kile kile huifungulia, maana kwake ni sura ya jamaa. Lakini inayotoka upande wa pili ni fomalidehaidi, ile iliyomo katika fomalini ya kuhifadhia vyura katika chupa za maabara ya bayolojia. Hiyo nayo hugeuzwa upesi kuwa asidi ya fomiki, iliyoitwa hivyo kwa jina la Kilatini la sisimizi. Asidi hii hukaa, hujikusanya, huzuia chembe za mwili zisitumie oksijeni, na mshipa wa fahamu wa jicho ndio wa kwanza kulemewa. Kwa hiyo mtu hulewa kama kawaida, hulala, na madhara huja baada ya saa nyingi, wakati ameshasahau alikunywa wapi. Vijiko vichache vya chakula vyaweza kumpofusha au kumwua. Na ethilini glikoli, yule jirani wa 0.83, hubisha mlango huo huo. Yeye mwisho wake ni asidi ambayo hushikana na kalsiamu ikawa vijiwe vya fuwele ndani ya figo. Mwaka 2022 katika nchi ya Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa maradhi ya figo, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa dawa za kikohozi za maji zilizopatikana huko zilikuwa na ethilini glikoli na nduguye, daiethilini glikoli.

Hapo mtu atasema ramani imetudanganya, imewaweka muuaji na asiyeua nyumba moja. Mimi sikubali. Ramani ilisema kwamba wawili hawa wafanana, na kufanana kwao ndiko kunakowapitisha mlango mmoja. Tena ndiko kunakomponya mgonjwa! Madaktari wakimpata mapema mtu aliyekunywa methanoli, waweza kumpa dawa iitwayo fomepizoli, ambayo hukiziba kimeng'enya kile. Na ikikosekana, humpa ethanoli safi kwa kipimo chao, maana kimeng'enya huipenda ethanoli zaidi, kikashughulika nayo, na methanoli ikabaki nje mpaka itoke mwilini au isafishwe kwa mashine. Dawa ni jirani wa sumu, na ramani ndiyo iliyowaonyesha wakiwa wamekaa pamoja. (Asitokee mtu akaenda kuifanya kazi hiyo nyumbani. Ni kazi ya hospitali, mgonjwa akipimwa damu.)

Udanganyifu, kama upo, uko katika rangi, na hili nililigundua siku nyingine nilipokuwa nikitafuta kitu kingine kabisa. Rangi za ramani nyingi za sumu hutokana na kipimo alichokibuni Mwingereza J. W. Trevan mwaka 1927: ni kiasi gani cha kemikali kitaua nusu ya wanyama waliopewa. Aghalabu wanyama hao ni panya. Basi, kwa panya aliyenyweshwa, kiasi cha ethanoli ni kadiri ya gramu 7 kwa kila kilo ya uzito wake. Kiasi cha methanoli ni kadiri ya gramu 5 na nusu. Soma tena hesabu hizo. Ukizipaka rangi kwa kipimo hicho, ethanoli na methanoli zitakuwa na rangi karibu moja, kijani na kijani! Sababu ni kwamba ini la panya lina uwezo mkubwa wa kuiondoa asidi ya fomiki kabla haijajikusanya. Letu sisi, na la nyani, ni zito katika kazi hiyo. Panya wa maabara angeweza kutoa ushahidi mahakamani kuwa methanoli haina neno, na angekuwa amesema kweli kwa upande wake. Ndiyo maana wanaopanga daraja za hatari za kemikali hawakumfuata panya katika jambo hili, wakafuata yaliyowapata wanadamu.

Siku hizi kuna juhudi ya kuwaacha panya. Tangu mwaka 2008 idara kadha za serikali ya Marekani zimeshirikiana katika mpango uitwao Tox21, ambamo mashine hudondosha kemikali juu ya chembe hai katika visahani vyenye vishimo 1,536, kisha hupima ni kitu gani kimeharibika. Wamepima kemikali karibu 10,000, na matokeo yapo wazi kwa kila mtu. Ni kazi kubwa. Lakini linganisha 10,000 na zile milioni 100 za PubChem. Ukiipaka ramani rangi kwa vipimo hivyo, na zisizopimwa ukazipa kijivu, utaona nukta za rangi moja moja kama taa za vijijini usiku, na zilizobaki zote ni kijivu. Wanafunzi wengi wakiitazama huuliza habari za nyekundu. Mimi kijivu hunitisha zaidi. Kompyuta hujaribu kukisia rangi ya kijivu kwa kuwatazama majirani zake, na mara nyingi hupata. Lakini mkisia huyo ukimwuliza habari za CO, yeye amezungukwa na ethanoli na jamaa zake, na mwalimu wake ni panya, unadhani atajibu nini?

Niliporudi nyumbani Krismasi nilimwonyesha nyanya yangu, ambaye kwetu twamwita Kaaka, ramani hiyo katika simu. Kaaka alipika waragi kwa miaka mingi nyuma ya nyumba, kwa pipa na bomba la shaba, na kwa fedha hiyo alimsomesha mama yangu. Aliishika simu mbali na macho yake, akaitazama, akaniuliza, "Yangu mimi ni ipi?" Nikamwonyesha CCO. "Na ile?" Hakuitaja, nami nikajua aitakayo. Nikasogeza kidole kidogo tu. Akasema, "Hapo hapo?" Kisha akanieleza jambo ambalo sikulipata kwa mwalimu yeyote: kwamba alikuwa akimwaga maji ya kwanza yatokayo katika bomba, kikombe kizima, kama alivyofanya mama yake, bila kuambiwa kwa nini. Methanoli huchemka kwa digri 65 na ethanoli kwa 78, kwa hiyo sehemu ya ile ndogo itokanayo na matunda hutangulia kutoka, ingawa haimalizikii hapo kwa pipa la nyumbani. Lakini nilimweleza pia kuwa iliyowaua watu mwaka ule haikutoka katika mapipa kama lake. Methanoli nyingi kiasi kile ni mali ya viwandani, na aliyeitia alitaka kuongeza ukali na faida. Kaaka hakujibu. Alinirudishia simu akaenda kutazama maharage.

Ile karatasi yetu ya manila sasa imetundikwa katika maabara ya shule, upande wa dirisha, ina molekuli 23, na mwalimu amekubali iongezwe kila muhula. Kila anayeongeza sharti aandike nyuma ya karatasi rangi yake ameitoa kwa nani, kwa panya, kwa chembe za kisahanini, au kwa mwanadamu. Methanoli ni nyekundu, kwa ushahidi wa wanadamu. Ethilini glikoli nyekundu vile vile. Gliserini kijani. Palipotokea mabishano ni ethanoli. Wengi walitaka kijani, kwa kuwa watu wazima huinywa harusini na hawafi. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hasemi, alisimama akasema kwao nyumbani si kijani, akakaa. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Tulipiga kura mara mbili, na mara zote mbili zilitoka sawa, kwa hiyo pini ya ethanoli ingali nyeupe hata leo, na rangi za mafuta zimo katika kabati la pili, kwa yeyote atakayekuja na hoja.